Nyumba ya miti na udongo kwa anayeanza: simika, ezeka, ndo ukandike

Maswali ni yaleyale. Nguzo zikae umbali gani, fito ngapi, udongo wa wapi, kwanini ukuta umepasuka, kwanini paa linavuja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika nne, kwa hiyo naandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii tu.

Naongelea nyumba yetu ya pwani, ile ya nguzo na fito, udongo na mawe katikati, makuti juu. Ndo niliyojifunza Pangani kwa mjomba wangu na ndo nnayojenga mpaka leo. Bara wana za kwao na miti yao, siwezi kuwasemea.

Kitu kimoja kabla ya yote, manake makosa karibu yote yanatokea hapa. Watu tumezoea nyumba ya tofali. Kwenye tofali ukuta ndo unabeba, unapandisha ukuta, unamwaga lenta, ndo unafikiria paa. Hii ni kinyume kabisa: miti ndo inabeba kila kitu na ukuta ni nguo tu, ukiuvua wote nyumba bado imesimama. Kwa hiyo unasimika, unaezeka, ndo unakandika. Mi nyumba yangu ya kwanza nilijifanya mjuaji, makuti yamechelewa nikaona nisikae bure, nikakandika pande mbili. Vuli ikashuka usiku mmoja tu. Asubuhi nakuta udongo wote uko chini kama uji na fito zimebaki wazi kama mbavu za punda. Mjomba alikuja akaangalia, hakusema neno, akaomba chai.

KABLA HUJAANZA

Ruhusa kwanza. Nenda serikali ya kijiji au mtaa, ukiwa mjini nenda na halmashauri uulize kibali cha ujenzi, kuna maeneo ya mjini hawataki makuti kwa ajili ya moto na ni bora ujue sasa kuliko ujue umeshaezeka.

Pili, mikoko. Boriti za mikoko ndo miti ya asili ya kazi hii, mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, ngumu hiyo na mchwa hawaipendi. Majahazi yalikuwa yanabeba boriti za Rufiji na Lamu mpaka Oman na Ghuba miaka na miaka, wenzetu kule hawana miti wakawa wanaezekea zetu. Lakini mikoko ni hifadhi, kwa Tanzania huwezi kuingia tu na shoka, inataka kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na mzigo ukisafiri uwe na hati yake. Ukinunua kwa mtu asiye na karatasi ukakamatwa njiani, gari na miti vyote vinalala kituoni. Mimi sa hivi natumia mivinje karibu nyumba nzima, watu wanaipanda wenyewe mashambani, imenyooka, ni mirefu, haina kesi. Mikaratusi nayo inafaa ila inapasuka sana ikikauka. Ubaya wa mvinje ni bungua, wadudu wanaotoboa mti, ntakuja huko.

Tatu, msimu. Anza masika yakikatika, mwezi wa sita hivi, ili vuli ikukute umeshaezeka. Upepo wa kusi utakusumbua ukiwa juu ya paa lakini utakukaushia udongo vizuri.

Sasa mahitaji. Nachukua mfano wa nyumba ya futi 20 kwa 20, korido ya futi 4 katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba viwili kila upande vya 8 kwa 10. Ukuta futi 9 kwenda juu. Jiko liko uani, peke yake. Ukitaka kubwa zaidi piga hesabu mwenyewe, njia ni ileile.

- Nguzo kubwa 12, unene inchi 6 hivi. Kumi ziwe za futi 12, mbili ziwe ndefu, futi 22, hizi ndo zinabeba mgongo wa paa.
- Boriti 16 za futi 12, za kulaza juu ya nguzo, na nyingine 8 za futi 14 za mishazari.
- Miti ya kati (wauzaji wanaita mazio, inchi 3 mpaka 4) korja 3. Inasimama kati ya nguzo na nguzo.
- Makombamoyo (miti ya paa inayoshuka kutoka mgongoni mpaka upenuni) korja 2, futi 18, na ndani ya hizo manne yawe ya futi 21 kwa ajili ya pembe.
- Fito za ukuta korja 17 mpaka 20, na pao za kufungia makuti korja 11.
- Makuti ya viungo (yale ya kushonwa kwenye kijiti) 1,000, weka na mia ya akiba.
- Kamba. Za makumbi au za katani, nyingi kuliko unavyodhani. Misumari ya inchi 4 kilo chache.
- Udongo, mawe madogo, mchanga wa mtoni au wa shimo, chokaa ya mfuko.
- Vifaa: shoka, panga, msumeno, tezo, keekee au drili, nyundo, mtaimbo, chepe, tepu, pima maji, timazi, ndoo, ngazi mbili.

Korja ni 20. Hesabu mwenyewe, moja moja, kabla mzigo haujashuka. Nishapigwa kwenye korja 15 za fito nikapungukiwa 30, muuzaji ananiambia "zilidondoka njiani". Fito 30!

Usiniulize bei, zinabadilika kijiji hadi kijiji.

Kuchagua mti: mjomba alikuwa anaugonga mti na mgongo wa panga huku kaweka sikio upande wa pili. Ukilia "ting" mkavu na mzima. Ukilia "dubu" kama umegonga gunia, ama mbichi ama umeoza ndani. Nilidhani mbwembwe mpaka niliponunua mzigo bila kugonga. Mti mbichi si mbaya kama una muda wa kuukausha kivulini mwezi au miwili, ila ukifunga mti mbichi leo, ukikauka unasinyaa, kamba zinalegea na nyumba nzima inaanza kucheza.

HATUA

1. Menya na tia dawa. Toa maganda yote, usiwe mvivu, chini ya ganda ndo bungua wanapotagia. Mivinje ukiweza ilaze kwenye maji ya bahari wiki mbili tatu halafu ikaushe, wazee wanafanya hivyo na inasaidia. Nguzo, ile sehemu itakayoingia chini na futi moja juu yake, ichome kwa moto mpaka iwe nyeusi ngozi yote, sio mpaka iwe mkaa unaomeguka, halafu ipake lami ya moto. Wengine wanatumia oili chafu, mi nimeacha, nyumba inanuka na kama kisima kiko karibu unakichafua. Kama una hela nunua dawa ya mchwa dukani ufuate maelezo ya kwenye kopo na uvae glavu.

Nguzo haiozi chini kabisa wala haiozi juu. Inaozea pale ardhi inapokutana na hewa, upana wa kiganja hivi. Nguvu zako ziweke pale.

2. Pima na nyoosha pembe. Safisha kiwanja, toa mizizi na visiki vyote, kisiki kinachooza chini ni hoteli ya mchwa. Pigilia vigingi vinne, vuta kamba. Kujua pembe imenyooka, kutoka kwenye kona pima futi 6 upande mmoja weka alama, futi 8 upande wa pili weka alama, kati ya alama na alama lazima iwe futi 10 kamili. Ikizidi au ikipungua sogeza kigingi. Ukimaliza zote nne pima pembe kwa pembe, kwa nyumba hii itoke futi 28 na inchi 3 na kidogo, na zote mbili zilingane. Zisipolingana usiseme "itajirekebisha juu". Haijirekebishi, utakuja kulia kwenye makombamoyo.

3. Chimba na simika nguzo 12. Mistari minne (ukuta wa nje, ukuta wa korido, ukuta wa korido, ukuta wa nje), kila mstari nguzo tatu: mbele, kati, nyuma. Shimo futi 2 na nusu, za zile ndefu mbili futi 3. Ndefu zinakaa katikati ya nyumba, kwenye kuta mbili za korido, kwa hiyo hakuna nguzo inayosimama katikati ya njia.

Chini ya shimo weka mawe, nguzo ikae juu ya jiwe. Rudishia kokoto na udongo kidogo kidogo, shindilia kwa mtaimbo kila inchi sita, huku mwenzako anaangalia timazi pande mbili. Watu wa tofali wanapenda kumwaga zege kuzunguka nguzo. Ukimwaga zege mpaka na chini ya nguzo umetengeneza kikombe, maji yanaingia hayatoki, nguzo inaoza miaka michache tu. Kama lazima zege, chini acha mawe wazi maji yapite, na juu ya ardhi zege ipande inchi sita ikiwa na mteremko kama kofia maji yakimbie.

Ukikosa mti wa futi 22 usiunganishe kichwa kwa kichwa. Simika nguzo ya kawaida, halafu mti wa futi 13 uupandishe ubavuni mwake zikumbatiane futi 3, funga sehemu tatu na utoboe upitishe bolti mbili.

4. Laza boriti za juu. Vichwa vya nguzo vikate vilingane kwa kutumia mpira wa maji, ule wa bomba linalopitisha mwanga, ni rahisi na haudanganyi. Kwa zile ndefu weka alama tu kwenye futi 9, boriti zitapita ubavuni. Chonga kichwa cha nguzo kwa tezo kiwe kama kiganja kilichokunjwa kidogo, boriti ilale humo isivingirike. Kama nguzo ina panda ya asili bahati yako, itumie. Boriti zizunguke nyumba nzima, zipite juu ya kuta za korido, na moja ikatize kati kutoka ubavu mpaka ubavu. Hii ya kukatiza watu wanaiacha kwa sababu haionekani inabeba nini. Inashikilia kuta zisitanuke paa likikaa, ukiiacha baada ya mwaka kuta zimefura kwa nje kama mtu ameshiba.

Maungio ya boriti yakutane juu ya nguzo, sio hewani. Na ukipiga msumari kwenye mti mgumu toboa kwanza tundu jembamba, la sivyo unaupasua.

5. Mishazari. Kila kona mbili, mti wa kulala upande kutoka chini ya nguzo moja kwenda juu ya inayofuata. Nguzo na boriti bila mshazari ni boksi la kadibodi lisilo na mfuniko, kusi inakuja inalisukuma linalala. Ishike nguzo ya kona utikise kwa nguvu zako zote, ikicheza hujamaliza.

6. Paa. Funga mwamba wa juu kati ya zile nguzo mbili ndefu, ni mfupi, futi 4 tu na uache vichwa vitokeze kidogo. Halafu makombamoyo manne ya pembe, kutoka vichwa vya mwamba kwenda kona nne. Ukishapandisha hayo utaona nyumba imepata sura, unapata paa mbili kubwa mbele na nyuma na vipaa viwili vya ubavuni. Jaza yaliyobaki kila futi 2 na nusu, yale ya karibu na pembe yatakuwa mafupi yanaishia kwenye kombamoyo la pembe. Chini yatokeze nje ya ukuta futi 2 na nusu mbele na nyuma, ubavuni futi 2. Huo upenu ndo mwavuli wa ukuta wako, ukiupunguza ili uokoe makuti utalipa kwa udongo.

Ukali wa paa: nyumba ina upana wa futi 20, basi mgongo upande futi 10 juu ya ukuta. Nusu ya upana, imeisha hiyo. Makuti hayazuii maji kama bati, yanayakimbiza. Paa likilala maji yanakaa, yanaloweka, yanavuja, na makuti yanaoza mapema.

Pao zifungwe kwa kulala, kila inchi 5. Nimesema 5. Nimeona watu wanaweka 9 wanapunguza gharama halafu wanashangaa nyota zinaonekana usiku.

7. Ezeka. Kagua makuti kwanza, inua moja kwenye jua, ukiona mwanga mwingi katikati ya majani limeshonwa kwa uvivu. Anza chini kwenye upenu, safu ya kwanza iwe ya makuti mawili mawili, panda juu, kila kuti limlalie mwenzake wa pembeni nusu futi hivi na viungo vya safu mbili visikae mstari mmoja. Kila kuti funga sehemu mbili, ncha na ncha. Juu kwenye mgongo laza makuti ya kumba (yale ya kusukwa) yaliyokunjwa katikati, tabaka tatu nne, na uyabane na fito ndefu pande zote mbili, manake kusi inaanzia pale kufumua. Hili ni zoezi la siku tatu nne kwa watu wanne, usiwe na haraka na usipande na viatu.

8. Miti ya kati na fito. Sasa ndo unarudi kwenye ukuta. Kati ya nguzo na nguzo simamisha mazio kila futi 2, chini iingie futi moja, au kama umetanguliza msingi wa mawe (hatua ya 9) ikae juu yake, juu ifungwe kwenye boriti. Weka na miimo ya milango na madirisha sasa hivi, sio baadaye. Mlango uwe na kizingiti cha juu kilichoshikwa na miti miwili inayofika mpaka kwenye boriti, kama unaning'inia kwenye fito tu ukiubamiza mlango wiki mbili udongo wote wa pembeni umedondoka.

Fito zinafungwa kwa kulala, nje na ndani, kila shibiri moja. Na fundo ni hili, soma polepole. Lowesha kamba ilainike. Pitisha nyuma ya mti, irudi mbele juu ya fito kwa mshazari, rudi nyuma, njoo mbele kwa mshazari wa pili iwe msalaba. Weka goti kwenye mti, vuta kwa mwili sio kwa mikono. Halafu zungusha mara mbili KATI ya fito na mti, ukiubana ule msalaba kiunoni, ndo ufunge. Ile mizunguko miwili ya kiunoni ndo anayeanza anairuka, na ndo inayofanya fundo lisilegee. Jaribu kwa kuning'inia, mi nina kilo 80 na fito yangu lazima inibebe.

9. Msingi na baraza. Kabla ya udongo, zungusha mawe chini ya kuta zote futi moja na nusu kwenda juu, ndani jaza kifusi ushindilie, sakafu iwe juu kuliko nje. Mbele jenga baraza la kukalia upana wa futi 2 hivi, linaegemea ukuta. Watu wanadhani baraza ni la kupigia soga tu, kumbe ndo linazuia maji yanayoruka kutoka ardhini yasile mguu wa ukuta.

10. Udongo. Udongo mwekundu wenye mnato kidogo, na ukipata wa kichuguu cha zamani kisicho na wenyewe ndo dhahabu. Jaribio: fanya donge la ukubwa wa chungwa, liache likauke kidogo, lidondoshe kutoka kifuani. Likisambaratika kama sukari mchanga umezidi. Likitandaa kama chapati maji yamezidi. Likipasuka vipande vitatu vinne, endelea. Halafu tengeneza kitofali kidogo ukianike siku tatu, kikipata nyufa za kuingiza kucha ongeza mchanga na nyasi kavu zilizokatwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi, ukuta utakuwa unatoka jasho na kumwaga unga maisha yake yote.

Kanyaga kwa miguu, mwagia maji, ulaze usiku mmoja, kanyaga tena. Kukandika ni kazi ya watu wengi, zamani ilikuwa ujima na bado inafaa, piga sufuria la pilau ita majirani. Mmoja ndani mmoja nje, mnajaza kwa pamoja, udongo na mawe madogo, mnasukumiana mpaka mikono ikutane. Mkijaza upande mmoja peke yake ndani panabaki mapango, panya watakushukuru. Pandisheni futi 3 kuzunguka nyumba nzima, muache siku moja, tena futi 3.

11. Subiri. Hapa ndo pagumu kwa wengi. Mwezi mzima, usipake kitu. Nyufa zitatokea, ni kawaida, zote. Ukishakauka zilowanishe, tomea kwa udongo mwepesi na vijiwe.

12. Lipu. Chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu, lowesha ukuta kwanza, paka nyembamba mara mbili. Usipake simenti juu ya udongo. Najua inang'aa, najua fundi wa tofali kakwambia ndo kudumu. Simenti ni ngumu na udongo unapumua, unatanuka na kusinyaa, baada ya masika moja inaanza kulia "kopo" ukiigonga, halafu inabanduka na ukuta wako mkononi. Kila mwaka baada ya masika paka chokaa nyepesi.

IKIZINGUA

Paa linavuja sehemu moja. Kuti limechomoka au limeoza, chomeka jipya chini ya la juu yake. Likivuja kila mahali, pao ziko mbali au paa limelala, na hapo sina dawa zaidi ya kuezua.

Unga mweupe unadondoka kutoka juu, na usiku unasikia "krr krr". Bungua. Tafuta matundu madogo kwenye mti, choma dawa kwa sindano, na kama kombamoyo limekuwa jepesi libadilishe mapema. Ndo matokeo ya kutomenya maganda.

Mistari ya udongo inapanda kwenye nguzo. Mchwa. Usiikwangue tu ukafurahi, ifuate mpaka inakotoka, chimba, tia dawa kwenye udongo kuzunguka nguzo. Kila Jumamosi zunguka nyumba na kijiti, dakika kumi tu.

Nguzo imeoza mguu. Usiogope, hii ndo raha ya nyumba ya miti. Weka miti miwili ya kutegemeza chini ya boriti, pande zote mbili za nguzo, kaza na kabari. Kata sehemu iliyooza, chini jenga kiguzo cha zege au jiwe, nguzo ikae juu yake, ifungwe na bapa la chuma. Ukuta unaubomoa pale tu na kuukandika upya. Ya tofali ingekuwa kesi.

Nyumba inacheza upepo ukivuma. Mshazari hukuweka, au miti ilikuwa mbichi na kamba zimelegea. Kaza mafundo upya kuanzia kona, na ongeza mishazari hata kama itabidi uibomolee udongo.

Ukuta unamomonyoka chini tu. Upenu mfupi au maji ya mvua hayana njia. Chimba mfereji chini ya mchirizi, jaza kokoto.

Moto. Nyaya za umeme zipite kwenye paipu, sio kulazwa juu ya makuti, na mkaa usiingie ndani hata siku ya mvua. Moshi kidogo unasaidia makuti yasiliwe na wadudu, lakini huo uache ufanyike jikoni uani.

Na lile swali la bati badala ya makuti, manake najua linakuja. Inawezekana, na paa unaweza kulilaza kidogo. Lakini makuti yanapitisha upepo na bati linaudaka kama tanga la ngalawa, kwa hiyo kila kombamoyo lifunge kwenye boriti kwa waya mnene, na boriti kwenye nguzo hivyohivyo. Msumari peke yake unachomoka. Jirani yangu alitegemea misumari, tulikwenda kuokota bati zake kwenye minazi ng'ambo ya barabara.